Dagaa wa Kigoma Hupikwa na Jua

Wakazi wa Dar es Salaam wanamwonea dagaa wa Kigoma. Atanunuliwa kwa bei kubwa Kariakoo, afike nyumbani amwagiwe maji yanayochemka, ang'olewe kichwa, alowekwe kwa limau, akaangwe mpaka akakamae, kisha azikwe ndani ya nyanya, karoti, pilipili hoho na viungo vya pakiti. Mwisho wa mateso hayo mtu anaonja na kuuliza watu wa Kigoma wanajivunia nini. Swali ni halali, ila jibu lake ameshalimwaga pamoja na maji ya kuoshea.

Huko Ujiji, Kigoma, dagaa huyo huyo hupikwa kwa maji kidogo, chumvi, kitunguu na mawese. Pengine nyanya moja, pengine nyanya chungu mbili tatu, basi. Nimekula hivyo kwa mama lishe wa Kibirizi, wa Mwanga na wa Ujiji kwenyewe, na kinachonivutia siku zote ni jinsi mpishi anavyofanya kidogo. Huo si uvivu. Dagaa ameshatiwa ladha na watu wengine kabla hajaliona jiko, na mpishi hodari wa Kigoma anajua kwamba wajibu wake ni kutoharibu kazi yao.

Tuanze na samaki mwenyewe, na tusimchanganye na dagaa wa Mwanza. Yule wa Ziwa Victoria ni jamaa wa ningu. Huyu wa Tanganyika ni jamaa wa saradini, ukoo wa baharini ambao baadhi yao waliingia maji baridi zamani za kale wakabaki humo. Ziwa lina aina mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Hii ya pili, ambayo hukua zaidi, ilipandikizwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, ambako Wakongo wanaiita sambaza, na katika miaka ya 1960 ikapelekwa bwawa la Kariba, ambako leo ni kapenta. Mla kapenta wa Zambia na mla dagaa wa Ujiji wanakula ndugu bila kujuana. Usaradini huo una maana jikoni: nyama yake ina mafuta ya kwake, na mafuta ndiyo yanayobeba utamu. Mafuta ndiyo pia yanayowahi kuharibika, na ugumu wote wa kazi umejificha hapo.

Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, lakini sehemu kubwa ya kina hicho haina oksijeni. Uhai wa samaki uko tabaka la juu tu. Mchana dagaa hushuka kukwepa mwanga na walaji, usiku hupanda wakifuata vijidudu wanaowala, na huko juu mvuvi anawasubiri na taa. Enzi za mababu ilikuwa mienge na wavu wa mkono, lusenga. Katikati ya karne iliyopita zikaenea karabai. Siku hizi ni taa za betri na za sola. Chombo kinachotegemewa sana ni kipe: mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, wavu umening'inizwa kati yake. Wavu huteremshwa chini ya mwanga, watu wanangoja kundi lijikusanye, kisha unainuliwa. Mwezi ukiwa mpevu mbinu hii inakufa, kwa sababu mwanga umetapakaa ziwa zima na dagaa hana sababu ya kukimbilia taa ya mtu. Kwa hiyo sahani ya Kigoma inafuata mwezi angani kuliko kalenda ya ukutani.

"Mama, wabichi wapo?" nilimuuliza mama lishe mmoja Kibirizi.

"Na mbalamwezi yote hii, mwanangu? Wabichi utawatoa wapi? Kaa, nikupe wakavu."

Hao wakavu ndio kiini cha uchambuzi huu. Dagaa akishushwa mwaloni alfajiri ana saa chache tu za usalama. Hatumbuliwi, maana ni mdogo mno, na vimeng'enya vilivyomo tumboni mwake vinaendelea na kazi hata yeye akishakufa. Joto likipanda vinakula ukuta wa tumbo lenyewe. Dagaa aliyecheleweshwa mtumbwini atajulikana hata akishakauka: tumbo limepasuka na kichwa kinadondoka ukimgusa. Waanikaji, ambao wengi wao ni wanawake, wanalijua hilo bila kuhitaji somo la baiolojia. Ndiyo sababu unawaona wamejipanga ufukweni kabla jua halijatoka, mabeseni mikononi, wakigombea mitumbwi ya kwanza kufika.

Samaki mbichi ni maji kwa karibu robo tatu ya uzito wake. Kilo moja ya dagaa wakavu hutoka kwenye kilo tatu hadi nne za wabichi, na yeyote anayelalamikia bei angeanza na hesabu hiyo. Maji yakitoka upesi, ndani ya siku moja ya jua kali, dagaa anabaki na rangi ya fedha na harufu safi. Yakitoka polepole, bakteria wanapata muda wao, na mafuta yanachachuka: ngozi inageuka manjano, kisha kahawia, na uchungu unaingia ambao hautoki kwa limau wala tangawizi. Haya mapishi ya Dar yaliyojaa viungo nadhani yalizaliwa hapo. Ni mbinu za kumficha dagaa mbovu, zikageuka mazoea, sasa anafanyiwa hata dagaa mzima.

Pa kuanikia napo pana siasa zake. Njia ya zamani ni mchangani au juu ya kokoto za ufukweni. Ni rahisi, haina mtaji, na mchanga ukishashika joto unakausha kutoka chini wakati jua linakausha kutoka juu. Lakini upande wa chini mchanga unaweza kushikana na ngozi, kuku wanapita, na kila dagaa anaondoka na punje zake. Njia ya pili ni chanja: meza ya miti iliyotandazwa wavu au waya, imeinuliwa kutoka ardhini. Hapo hewa inapita juu na chini, maji yanachuruzika badala ya kutuama chini ya samaki, na mvua ya ghafla ikija mtu anafunika bila kuzoa mchanga. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, limehimiza chanja mkoani humo kupitia mradi wa FISH4ACP, na kwa hili niko upande wao kabisa. Wapo wazee wanaosema dagaa wa mchanga ana ladha zaidi. Nimewasikiliza kwa heshima, nikaendelea kununua wa chanja.

Sokoni kuwatofautisha ni kazi ndogo. Chota konzi, uwatikise kiganjani, uwarudishe sinia, kisha utazame kilichobaki kwenye mistari ya mkono. Halafu mvunje mmoja. Aliyekauka sawasawa anakatika kwa mlio. Anayepinda bado ana maji na atakuletea ukungu wiki ijayo. Mwisho mtafune akiwa hivyo hivyo, bila kupikwa. Muuzaji mwenye mali nzuri hakukatazi.

Dagaa akishafaulu mitihani hiyo, maji yanayochemka yanamwosha nini? Yanachofanya ni kuyeyusha yale mafuta ambayo mwanikaji amehangaika kuyalinda, na kuyapeleka karoni. Wa chanja inatosha apitishwe kwenye maji baridi haraka, au akaushwe kidogo kikaangoni bila mafuta mpaka harufu iinuke.

Kisha linakuja pambo la pili la Kigoma, mawese. Richard Burton alipofika Ujiji Februari 1858 alikuta soko linalobadilishana samaki, mawese na chumvi ya Uvinza pembeni ya biashara ya pembe za ndovu na ile nyingine ya aibu ya watumwa. Yaani viungo vikuu vya sahani ninayoizungumzia vilikuwa vimeshakaa sokoni pamoja kabla Mjerumani hajaleta reli mwaka 1914. Hiyo chumvi ina umri mkubwa zaidi: wanaakiolojia waliochimba Uvinza katika miaka ya 1960 walikuta kwamba watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi za chumvi pale kwa takriban miaka 1,500.

Mawese hukamuliwa kwenye nyama ya nje ya tunda la mchikichi; kokwa la ndani, mise, lina mafuta yake mengine kabisa. Mashada hukatwa, hungojwa kidogo ili matunda yaachie, matunda yanachemshwa, yanatwangwa au kupitishwa kwenye mtambo wa kukamua, kisha mafuta yanaenguliwa na kuchemshwa tena kuondoa maji. Mbegu ya asili, dura, ina kokwa nene na nyama kiduchu; mbegu ya tenera ina kokwa jembamba na mafuta mengi, na ndiyo inayosukumwa na serikali tangu kampeni ya michikichi ya mwaka 2018, kituo cha Kihinga cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kikiwa ndicho kitovu cha utafiti. Mtu wa jikoni anahitaji kujua hasa kuhusu wekundu. Rangi ile ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na haivumilii moto mkali. Mawese yakichomwa mpaka yatoe moshi yanapauka na kubaki mafuta ya kawaida yenye historia nzuri.

Sasa angalia ujanja wa chungu cha Ujiji. Mpishi hakaangi dagaa kwenye mawese. Anaweka maji kidogo, kitunguu na chumvi, anawapanga dagaa, anaacha vichemke kidogo, kisha anayatia mawese juu na kufunika. Madhali maji yapo chunguni, joto la mchuzi halipandi sana kupita nyuzi 100, kwa hiyo mawese yanaiva bila kuungua na wekundu unabaki. Maji yanapungua, mafuta yanashika samaki, mchuzi unakuwa mzito. Mwiko hauingii humo kabisa. Chungu kinashikwa masikio mawili kwa kitambaa na kutikiswa, kwa sababu dagaa akikorogwa anavunjika na sahani inakuwa uji wa miiba. Nilimwona mama wa Kibirizi akifanya hivyo akiwa anaongea na mteja mwingine, mgongo ameupa jiko, na akajua wakati wa kuepua kwa kusikia tu: mlio wa kuchemka ulipokuwa mzito na wa polepole, akageuka.

Cha kulia ni ugali wa muhogo. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, hivyo hulowekwa siku kadhaa uvunde, ukaushwe, ndipo usagwe. Uvundo huo huondoa sumu na kuacha uchachu mwepesi ambao unakata mafuta ya mawese vizuri kuliko limau lolote. Upishi wake ni wa kasi. Maji yakitokota unga unaingia, mkono wenye nguvu unageuza, na dakika chache baadaye ugali unavutika na kung'aa. Unamegwa tonge, linabonyezwa shimo, linazoa mchuzi bila kumomonyoka. Ukila dagaa wa mawese kwa ugali wa mahindi hujakosea, ila mchuzi utabaki sahanini.

Mgebuka anastahili makala yake, lakini niseme machache. Ni Lates stappersii, wa nasaba moja na sangara wa Victoria, ila mwembamba kama aliyekuwa akikimbia maisha yake yote, na ni kweli anakimbia: chakula chake kikuu ni dagaa, kwa hiyo anakuja kwenye taa ile ile na kuingia wavu ule ule. Wembamba wake unamfaa kubanikwa, kwani moto unafika mfupani kabla ngozi haijaungua. Kuhe, mmoja wa wakubwa kabisa wa ukoo wa sato na perege, ana nyama nyeupe na bei ya hotelini. Ni samaki mzuri. Ila siendi Kigoma kwa ajili yake.

Liko jambo moja linalonitatiza. Mwaka 2024 Tanzania, kwa makubaliano na nchi nyingine zinazolizunguka ziwa, ilisitisha uvuvi Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Sababu za kupumzisha ziwa zipo: utafiti uliochapishwa na jarida la Nature mwaka 2003 ulionyesha kwamba maji yanayopata joto yanachanganyika kidogo, virutubisho vya chini havipandi, na chakula cha samaki kinapungua. Sibishani na hilo. Ila miezi hiyo ndiyo kiangazi cha Kigoma, miezi ya jua la kuanikia, na baada yake mwanikaji anabaki na dirisha dogo kabla mvua hazijarudi. Dagaa wa masika hulala chanjani siku mbili au tatu chini ya mawingu, wanafunikwa na kufunuliwa, na tumeshaona mafuta yao yanafanya nini wakati huo. Yanahitajika makaushio ya sola yenye paa la kuruhusu mwanga na kuzuia mvua, mengi kuliko yaliyopo, yawe mwaloni na si kwenye maonyesho ya Nanenane.

Kwa sasa, anayetaka kubeba mzigo wa mwaka mzima anunue Septemba, siku za giza, wa chanja. Kuanzia Novemba mvua zikikolea mimi huagiza mgebuka wa kubanika.