"Ushamba" na "Ustaarabu": Mizani ya Nani?

Mwalimu na mtahiniwa, chunguzeni maneno tunayotumia kuhakiki mtindo. Mhusika akivaa au akisema tofauti na watu wa mjini, mwanafunzi huandika: "Ni mshamba." Neno hilo limetoka shambani, na hapa Masimba, shamba la chai na migomba ndilo hulipa karo. "Ustaarabu" nao, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kufuata desturi za Waarabu, na mtu wa bara akaitwa "mshenzi". Je, mtahiniwa Mgusii anajipima kwa mizani ya nani? Tusiyafute maneno haya. Tuulize: nani anasema, kumhusu nani, kwa faida ya nani? Kisha tutaje sifa yenyewe na kuithibitisha kwa mfano kutoka kwenye matini. Hapo tutakuwa tumehakiki, hatujatukana.