Go ilivyojinasua kwenye msimbo wa kunakilinakili

Kwa zaidi ya miaka kumi, aliyeandika programu kwa lugha ya Go na kutaka kujua namba ipi ni kubwa kati ya mbili alipewa math.Max, nayo ilipokea float64 tu. Una int? Andika fanksheni yako. Una maneno ya kulinganisha kialfabeti? Andika nyingine. Mwili uleule, kinachobadilika ni aina ya data. Hata maktaba ya lugha haikusalimika: kifurushi cha sort kilibeba Ints, Float64s na Strings.

Waundaji wa Go wenyewe, pale Google, waliliona tatizo mapema. Mwaka 2009, lugha ilipotangazwa, mmoja wao, Russ Cox, alieleza kuwa kila njia ina wa kuumia. Bila jeneriki, yaani msimbo mmoja unaokubali aina nyingi za data, anachelewa mwandishi. Ukizalisha nakala kwa kila aina, kama C++, kompaila inaelemewa na faili linanenepa. Ukifungia kila thamani kwenye kisanduku, kama Java, programu yenyewe inajikokota.

Jibu lilitoka Machi 2022, toleo la 1.18, kwa muundo wa Ian Lance Taylor na Robert Griesemer:

func Kubwa[T int | float64 | string](a, b T) T {
    if a > b {
        return a
    }
    return b
}

T ni nafasi iliyoachwa wazi. Utamu uko kwenye mabano ya mraba, palipoorodheshwa aina zinazoruhusiwa. Bila orodha hiyo kompaila ingeikataa alama ya >, maana si kila aina hulinganishwa kwa ukubwa. Ukiita Kubwa(3, 7), kompaila inang'amua yenyewe kuwa T ni int. Ila tangaza type Shilingi int, kisha uipeleke humo: utagomewa, kwa kuwa Shilingi si int hata kama imejengwa kwa int. Dawa ni kuandika ~int, yaani int pamoja na chochote kilichojengwa juu yake. Wengi hukwama hapo.

Kwenye gharama, Go ilipita katikati. Kompaila huzipanga aina kwa umbo. Pointa zote, iwe ya mteja au ya ankara, ni umbo moja, hivyo hutumia nakala moja ya msimbo, na kamusi ndogo hupitishwa chinichini kuonyesha ni aina ipi inayoshughulikiwa. int na float64 hupata kila moja nakala yake. Kwa hiyo urudufu haukufutika. Sehemu yake imehamishiwa kwa mashine, ambayo hailalamiki. Na kuita mbinu za T kupitia kamusi hiyo kunaweza kuwa kuzito kuliko ulivyotarajia.

Agosti 2023, toleo la 1.21 likaingiza min na max kwenye lugha yenyewe, pamoja na kifurushi cha slices.

Kinachoniudhi siku hizi ni pupa: T imepachikwa kila kona. Jeneriki inalipa pale mwili wa fanksheni unapobaki uleule huku aina zikibadilika. Kama fanksheni yako haifanyi kingine ila kuita Read ya kile ilichopewa, kiolesura cha io.Reader kinatosha, T hapo haikupunguzii hata mstari mmoja.