Mstari kwa Mstari

Njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji iliendeshwa kwa hesabu. Shuka ilikuwa mikono minne, doti shuka mbili, na pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila. Nguo za malipo zikihesabiwa vibaya, posho ya wapagazi wa Kinyamwezi iliisha kabla ya safari. Mwaka 2014, huko Bagamoyo njia ilikoanzia, lilifunguliwa tawi la Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati. Taasisi hiyo ilianzishwa Cape Town mwaka 2003 na Neil Turok, aliyeishi Dar es Salaam utotoni, wazazi wake wakiwa uhamishoni.

Msomi wa taasisi ya namna hiyo ana kazi nyingi: kutafiti, kufundisha, kusimamia tasnifu, kupitia makala za wenzake kabla hazijachapishwa. Ninayoiheshimu kupita zote haionekani kirahisi. Ni kusoma hoja ya mtu mwingine mstari kwa mstari, mpaka ijulikane imesimama au imekatikia wapi.

Mwanafunzi anajumlisha namba witiri. 1 na 3 ni 4. Ongeza 5, ni 9. Ongeza 7, ni 16. Kila jumla ni mraba. Anaendelea mpaka witiri ya mia, anaandika chini: imethibitishwa. Kumpa vyema ni rahisi. Mhadhiri anayeijua kazi yake humuuliza: na ya mia na moja? Halafu hamtajii jibu. Huchora ubaoni nukta tatu kwa tatu, akamkabidhi chaki. Mwanafunzi anaongeza nukta 3 kulia, 3 chini, 1 kwenye kona. Saba! Anatulia, anauangalia mchoro, na sasa anaona kwamba mraba wa ukubwa wowote utadai pande mbili zilizo sawa na nukta moja ya kona, yaani witiri inayofuata. Hana haja tena ya kujumlisha.

Kazi hiyo hula jioni nzima, ndiyo maana katika taasisi hii wapo wakufunzi wanaoishi na wanafunzi palepale chuoni.

Lakini kazi hiyo ya kusoma mstari kwa mstari isiishie pwani. Tabora ni mji wa shule, na hisabati ndiyo inayoangusha wengi kidato cha nne. Treni imekuwa ikifika Tabora tangu 1912. Wahadhiri wapande, wakae na walimu wa sekondari, wazifungue karatasi za wanafunzi waliofeli na kuzisoma pamoja, swali kwa swali.