Daftari Kabla ya Simiti: Jinsi Mwethya Unavyojenga Ukuta Mtoni

Shuka Kwa Vonza mwezi wa Septemba, uiache barabara ya Machakos kwenda Kitui na ufuate mojawapo ya mito ya msimu. Mto hutauona. Utaona mchanga mkavu, nyayo za punda, na hapa na pale shimo lenye kina cha mtu mzima. Ndani ya shimo kuna mama anayekwangua maji kwa kikombe na kuyamimina mtungini. Maji ya Machi na Novemba hayakuisha yote. Mengine yamejificha chini ya mchanga, na polepole yanateremka kufuata mwamba.

Kuyazuia huko chini kunahitaji ukuta. Watu wa Ukambani wameujenga mara nyingi, na wanaoujenga ni chama cha kijiji, kile Wakamba wanachokiita mwethya: majirani waliokubaliana kufanya kazi ya wote kwa mikono yao. Hapo zamani mwethya ulilima shamba na kujenga nyumba. Katika miaka ya 1950 ulichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Mwaka 1978, huko Kola, Machakos, Joshua Mukusya na wenzake wa kikundi cha Utooni walianza kuuelekeza kwenye mabwawa ya mchanga. Upande wa Kitui, shirika la SASOL limejenga mamia ya kuta hizo pamoja na vikundi vya vijiji.

Mengi yameandikwa kuhusu ukuta wenyewe. Mimi nataka kulichambua daftari la mahudhurio, kwa kuwa naamini ni sehemu ya uhandisi sawa na nondo.

Lakini kwanza tupige hesabu, ili ijulikane kinachopiganiwa. Chukua mto wenye upana wa mita 20, unaoteremka mita 1 kwa kila mita 200. Weka ukuta wa kimo cha mita 2 juu ya mchanga wa sasa. Mafuriko yataleta mchanga mpya na kuurundika nyuma ya ukuta hadi mita 400 kwenda juu. Kwa vile rundo hilo linapungua kina kadiri unavyopanda, na kingo zimelala, tuseme tumepata mita za ujazo 6,000. Mchanga wa chembe kubwa una nafasi nyingi kati ya chembe, na unaweza kutoa robo ya ujazo wake, pengine zaidi, kama maji ya kuchota. Robo ni mita za ujazo 1,500, yaani mitungi 75,000 ya lita 20. Kaya 50 zikichota mitungi 8 kila moja kwa siku, maji hayo yanafika siku 187 hata kama mto hautashuka tena. Jua haliyanyonyi yakishakaa chini ya nusu mita hivi ya mchanga, mbu hawazaliani humo, na ng'ombe hawayachafui.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Badala ya mchanga, mafuriko yalete tope laini kutoka mashamba yasiyo na matuta. Tope linashika maji lakini haliyaachii, na utapata asilimia 5 hivi. Mitungi 75,000 inakuwa 15,000, na siku 187 zinakuwa 37, kwa ukuta uleule na simiti ileile. Ndiyo maana mashirika mengi yanayosaidia vikundi hutaka matuta ya fanya juu yachimbwe kwanza. Ukambani umebahatika kuwa na miamba ya kale inayosagika kuwa mchanga wenye chembe kubwa, ila bahati hiyo haimfai anayeacha udongo wa shamba lake ushuke mtoni.

Kuchagua mahali ndiko kunakohitaji wazee, na hasa akina mama. Fundi huja na nondo ndefu iliyochongwa mikato, akaigongomea mchangani hadi igonge mwamba, kisha akaichomoa na kutazama punje zilizonasa kwenye mikato: kavu, mbichi, laini, nene. Njia hiyo ni nzuri, lakini kabla ya nondo kuna swali la kuuliza: katika kiangazi kibaya mnachokumbuka, ni shimo gani lililokauka mwisho? Anayelijua jibu ni yule aliyeamka saa tisa usiku kupanga foleni hapo. Mkuyu uliosimama kingoni nao ni shahidi, kwani hauoti mbali na maji. Ukuta hujengwa chini kidogo ya mahali pa aina hiyo, pale mwamba unapopanda na kingo zinapokaribiana.

Baada ya hapo ndipo daftari linapofunguliwa. Tangu sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya mwaka 2022, kikundi kinachotaka kutambuliwa na serikali kinahitaji watu wasiopungua 10, katiba na viongozi. Hizo ni karatasi za ofisini. Daftari ninalolisema ni lile la katibu, lenye safu ya majina, wengi wao wanawake, na alama ya kila siku ya kazi. Kwa kawaida mfadhili hutoa simiti, nondo, seng'enge na fundi. Wanachama hutoa mawe, mchanga, maji ya kukorogea na nguvu zao. Watu husema mchango wa wanachama ni wa kuonyesha moyo. Mimi nasema ni wa ratiba. Simiti ikiwasili kabla ya mawe inakaa stoo, inavuta unyevu na kuganda ndani ya mfuko. Mawe lazima yawe yamelala kingoni, yamepasuliwa na kuhesabiwa, kabla lori halijapigiwa simu. Na mawe hayo yanabebwa karai kwa karai, wiki baada ya wiki, kati ya Juni na Septemba, mto ukiwa mkavu na kabla mvua za vuli hazijafika. Dirisha ni dogo, na ndani yake zimo pia siku za kuvuna mbaazi.

Ikifika siku ya kujenga, idadi ya watu inageuka kuwa kipimo cha uimara. Ukuta hauishi kwa siku moja, lakini tabaka lililoanzwa halifai kuachwa nusu. Mchanganyiko uliokauka haushikani vizuri na ule utakaomwagwa kesho juu yake, na pale iliposhindwa kushikana, maji yatapata njia. Watu 40 kwenye msururu wa makarai wanamaliza tabaka kabla jua halijalikausha. Wakija 15, fundi atafanya awezalo, na ufa utaonekana baada ya misimu miwili. Jina lililokosa alama kwenye daftari linaweza kuwa tundu kwenye ukuta.

Hapo ndipo habari za wanachama zinapoingia, na ndizo zinazonigusa kuliko yote. Mkutano wa mwethya hauanzi na mawe. Unaanza na watu: nani amejifungua, nani amelazwa, ni mtoto wa nani amerudishwa nyumbani kwa karo, ni boma lipi lina msiba. Mgeni mwenye haraka ataona saa inapotea. Kwa kweli kikundi kinapanga nguvu kazi yake. Aliyejifungua anapewa kazi ya kivulini, kupika muthokoi au kutunza watoto, na anawekewa alama kama waliobeba mawe. Mwenye msiba anasamehewa na anachangiwa. Asiyekuja bila neno anatozwa faini waliyokubaliana, au analeta mtu mzima badala yake. Nimeona katibu wa kikundi akimngoja mama mmoja amalize kueleza ugonjwa wa mumewe, kisha akaandika kimya kimya siku tatu za ruhusa. Mama yule hakuomba. Kikundi kisichojua habari za watu wake kitawatoza faini wagonjwa, na wao, kwa haki yao, hawatarudi.

Mtihani mgumu zaidi unakuja mbao zilizoshikilia simiti zikishabanduliwa. Wageni wamepiga picha na kuondoka. Ukuta mbichi unataka kunyweshwa maji kila siku kwa wiki tatu au nne ili simiti ikomae bila kupasuka, na maji yenyewe yanaletwa na punda kutoka mbali. Hakuna ngoma siku ya 15. Kuna jina tu kwenye zamu: leo ni wewe, mitungi kumi. Fundi ninayemheshimu sana kwa kazi hii huomba kuliona daftari la zamu kabla ya kuugusa ukuta.

Makosa ya ufundi nayo yapo. Mabawa mafupi, yaani ncha za ukuta zinazoingia kingoni, ni ugonjwa wa kuta nyingi: mto unaliona bawa limeishia kwenye udongo laini, unachimba kando, na mwaka unaofuata ukuta umesimama peke yake huku mto ukipita pembeni. Bawa sharti liingie ndani kabisa ya kingo, na sehemu ya katikati iwe chini kidogo ili mafuriko yapite hapo. Chini ya ukuta panatakiwa sakafu ya mawe, maana maji yanayoanguka hufukua msingi.

Kisha kuna malori. Mchanga safi nyuma ya ukuta ndio huohuo wajenzi wa Nairobi wanaoutaka. Makueni walitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na ilihitajika. Lakini lori huja usiku, na anayelisikia kwanza ni mwanachama anayeishi karibu na mto. Vikundi vilivyoendelea kukutana baada ya ujenzi vina namba ya simu ya kupiga na watu wa kuamka. Vilivyovunjika siku ya sherehe vina shimo la mchanga.

Kwa Vonza ina jambo ambalo vijiji vingi havina: Chuo Kikuu cha SEKU kiko hapo hapo. Ningependa kila ukuta wa eneo hili uwe na bomba la plastiki lenye matundu lililosimikwa mchangani, na wanafunzi wawili washirikiane na katibu wa kikundi kupima kina cha maji kila Jumamosi kwa kamba na uzito. Kipimo hicho kiandikwe kwenye daftari lilelile, ukurasa unaofuata majina, tangu mafuriko ya kwanza ya Novemba hadi mwezi ambao mama wa shimoni ataanza tena kutafuta kikombe chake.