Heko, mafundi wa breki wa Manyovu

Anayeijua barabara ya Kasulu kwenda Manyovu anajua maana ya mteremko. Ukishuka na Land Rover 109 ya zamani, imesheheni magunia na abiria, roho yako imo mguuni mwa dereva. Gari lile lilitoka kiwandani na dramu magurudumu yote manne. Dramu zikipata moto, breki hazikamati. Zikilowa maji mtoni, hazikamati vilevile.

Nawapongeza kwa moyo wote mafundi wasiokubali kuliacha hivyo. Na ninachowapendea zaidi ni kwamba hawaanzi kwa kuongeza vipya. Hufungua dramu, hufuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, hubadili raba za silinda, humwaga mafuta ya breki yaliyozeeka kwa sababu yamenyonya unyevu, nao huchemka ukawa mvuke pedali ikazama. Kisha hutoa upepo gurudumu moja moja, mmoja akikanyaga, mwenzake akiwa uvunguni na spana. Kazi hii ni ya subira, na wanayo.

Ndipo huja maboresho: masta silinda ya njia mbili, ili paipu moja ikipasuka magurudumu mengine yabaki na breki, na diski za mbele, kama zilizowekwa kwenye Land Rover 110 mwaka 1983. Diski iko wazi, hupoa upesi.

Wenye magari ya zamani, tafadhali, mlipeni kwanza fundi wa breki, ndipo mwende kwa fundi wa rangi.