Juu ya nini mwanafunzi anabakia? Kumsoma Vincent Tinto toka Kapolowe

Wandugu waliosoma pedagojia pengine wamekwisha kukutana na jina la Vincent Tinto. Mmarekani huyu alitoa kitabu Leaving College mwaka 1987, na mpaka leo kinatajwa kila mara watu wanapouliza juu ya nini wanafunzi wengine wanaacha chuo na wengine wanabakia. Ni kitabu kizuri. Lakini ndani yake kuna tonge ambalo mtoto wa Kapolowe hawezi kulimeza.

Tinto anasema mwanafunzi anabakia akijikuta nyumbani katika maisha ya chuo: katika masomo na walimu upande mmoja, kati ya wenzake upande mwingine. Akikaa kama mgeni, ataondoka. Hapo kweli. Katika promosio ya watu mia tatu, mwalimu mmoja anayejua jina lako si kitu kidogo.

Tonge lenyewe ni hili. Tinto aliazima mawazo ya Arnold van Gennep, ambaye mwaka 1909 aliandika juu ya desturi za kumvusha mtu toka hatua moja ya maisha kwenda nyingine: kutengwa, kukaa katikati, kuingizwa. Kwa hiyo mwanafunzi mpya aachane kwanza na watu wa kwao, ndipo chuo kimpokee. Sasa tuangalie mukanda wa Watshokwe. Kijana anaenda porini, anafundishwa, halafu anarudi kwa wale wale waliomtuma, akiwa mtu mzima. Haachi kwao! William Tierney, Mmarekani pia, alimkosoa Tinto karibu hivyo mwaka 1992, akifikiria wenyeji wa asili wa Marekani.

Kwetu, kati ya Likasi na Lubumbashi, nani anamshikilia mtoto chuoni? Ni mfuko wa bunga, samaki wa ziwa Tshangalele, mama anayeuza makala kando ya barabara na kusema: “Weye soma tu, siye tutatafuta.” Mtihani ukikaribia na minervali haijaisha, anayekimbia huku na huku ni kaka, shangazi, watu wa kanisa, wenzake mama wa kitemo. Muntu anabakia ku masomo juu iko na bantu nyuma yake.

Tinto mwenyewe alisogea. Mwaka 2006 alikubali kwamba kwa wanafunzi wengi, kubaki wameungana na familia na kanisa lao ndiko kunakowawezesha kuendelea. Nampa heshima yake.

Lakini tusijisifu haraka. Kamba inayokushika inaweza pia kukufunga. Mtoto aliyelipiwa na nyumba nzima anaogopa kusema: “Fakulte hii si yangu.” Anabakia juu ya haya, mwaka juu ya mwaka, na sisi tunamhesabu kati ya walioshinda. Katika maandishi yake ya baadaye Tinto anauliza kama mwanafunzi mwenyewe anaona faida ya kile anachofundishwa. Swali hilo nyumbani kwetu haliulizwi sana, maana gunia limekwisha kutumwa.

Basi, sisi tuliomaliza, tunapowapokea wapya tusiwaambie wasahau kwao. Tuwaulize mambo mawili: nani anakulipia, na weye mwenyewe unataka kusoma nini? Jibu la pili likiwa zito kutoka, tukae naye. Na ikibidi, twende naye kwao kuzungumza na wazee, mapema, kabla hawajauza shamba lingine.