Kuonja kwa Macho: Jinsi ya Kukitambua Chakula Bora cha Diskasi

Kipande cha mabuu wekundu walioganda huangushwa ndani ya bilauri ya maji na kuachwa kama dakika kumi. Fundi wa kufuga diskasi huanza kupima chakula hapo, kabla samaki hajaonja chochote. Barafu ikiyeyuka na mabuu wakatengana mmoja mmoja, wazima, wekundu wa damu, huku maji yakiwa yameiva rangi kidogo tu, mzigo ni mzuri. Maji yakigeuka kahawia mazito na ngozi tupu zikaelea juu, mabuu waliharibika kabla ya kugandishwa, au barafu iliyeyuka njiani ikagandishwa upya. Pakiti nayo husema: mabuu wakiwa wamelundikana upande mmoja wa vijumba vyake, ilikwisha kuyeyuka.

Hawa ni mabuu wa visubi wasiouma, jamaa ya wale wanaopanda kama moshi juu ya Ziwa Victoria, na wekundu wao hutokana na himoglobini kama wa damu ya binadamu. Baada ya jicho, pua. Harufu ya tope bichi si neno. Uvundo ukisikika, pakiti nzima itupwe. Waliofaulu huoshwa kwenye chujio la chai, na yale maji ya barafu humwagwa. Anayepiga chafya au kuwashwa mikono akiwashika avae glavu, kwa kuwa mabuu hawa huwaletea baadhi ya watu mzio.

Uangalifu huu una sababu. Diskasi, samaki bapa wa mviringo kama sahani ambaye Johann Jakob Heckel alimpa jina la kisayansi mwaka 1840, ni mwenyeji wa bonde la Amazon na ni wa ukoo mmoja na sato na perege. Hufugwa katika maji ya nyuzi 28 hadi 30, na kwa joto hilo makombo huoza upesi na kutoa amonia inayounguza mashavu yake. Chakula kibovu humpiga mara mbili, tumboni na majini.

Wengi humdhania mla nyama. Mtafiti Will Crampton alichunguza matumbo ya diskasi wa Ziwa Tefé, Brazil, na mwaka 2008 akachapisha alichokikuta: miani, masalia ya mimea, na wadudu wadogo wa majini. Samaki huyu hudonoa kidogo kidogo, mara nyingine akipuliza mchanga kwa mdomo ili afukue kilichojificha. Utumbo wake haukuumbwa kwa mlo mmoja mzito wa jioni.

Ndipo moyo wa ng'ombe unapozua ubishi. Wafugaji wa Marekani, Ulaya na Asia wamekuza diskasi vizazi na vizazi kwa moyo uliosagwa, na kweli samaki wachanga hunenepa kwa haraka. Tatizo ni shahamu. Ng'ombe ana joto la mwili la nyuzi 38 na zaidi; mafuta yake hubaki yameganda katika maji ya nyuzi 29. Kwa hiyo ubora wa chakula hiki huamuliwa na kisu. Kano, mishipa, utando mweupe na kila kipande cha mafuta viondoke hadi ibaki nyama nyekundu tupu, hata kama nusu ya moyo itaishia kwa paka. Kisha nyama iliyosagwa isuguliwe kati ya kidole gumba na cha shahada. Vidole viking'aa mafuta, irudi ubaoni. Iliyo safi huchanganywa na kamba, spinachi na spirulina, ile jamii ya chakula kinachowalisha flamingo wa Ziwa Nakuru, kisha hutandazwa ndani ya mfuko ikawa nyembamba kama chapati na kuwekwa kwenye friza. Tonge la majaribio likitiwa majini lishikane. Likitoa wingu, limesagwa mno. Kwa wachanga chakula hiki kinafaa. Kwa samaki mzima, kumpa kila siku ni kumzidishia.

Punje kavu zisomwe mgongoni mwa kopo: samaki au kamba watangulie, ngano na soya zije nyuma. Kopo dogo ni bora kuliko kubwa la bei nafuu, kwa sababu vitamini C hupungua kopo likishafunguliwa. Punje nzuri huzama polepole, ikalainika bila kumomonyoka.

Wekundu wa samaki usimhadae mnunuzi. Astazanthini ya kamba humkoleza rangi hata samaki asiyelishwa vizuri. Ushahidi wa kweli uko kwenye kinyesi: cheusi au cha rangi ya chakula, kifupi, ni cha samaki anayekula na kusaga vyema, ilhali uzi mweupe unaoning'inia ni dalili ya njaa au ugonjwa wa utumbo. Paji lililochongoka kama ukingo wa kisu, na jicho kubwa katika mwili mdogo, ni alama za samaki aliyedumaa kwa kulishwa vibaya tangu utotoni.

Utoto wenyewe huanza na chakula kisichouzwa popote. Vifaranga vya diskasi hula ute wa ngozi za wazazi wao wote wawili, na utafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth uliotoka mwaka 2010 ulionyesha kwamba protini na kingamwili za ute huo huongezeka wazazi wanapotaga. Kufikia wiki ya tatu wazazi huanza kuwakimbia watoto. Mfugaji hodari huwa ameshawaonjesha vikamba vya artemia walioanguliwa siku hiyohiyo, wangali na rangi ya chungwa. Wakikaa saa nyingi hupauka, kwa kuwa wamemaliza kiini chao wenyewe. Dakika chache baada ya mlo, mfugaji humulika tangi kwa tochi na kutafuta ile rangi ya chungwa kwenye kila tumbo dogo.